Mutanga Haihami

Karatasi ya mwanangu ya kupangiwa chuo ipo hapa dukani, nimeikandamiza kwa kikokotoo ili feni isiipeperushe. Inasema Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga, fizikia. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alipoipokea alivaa miwani, akaisoma kimya, akaisoma tena kwa sauti, kisha akasema, "Alhamdulillahi, ukoo umerudi Mutanga." Mimi nikasema sijui kama kijana aende mwaka huu. Ilikuwa Ijumaa baada ya magharibi. Chai ikapoa vikombeni, na kikao hicho hakikufungwa siku ile.

Nauza spea Buyenzi tangu 1998. Asiyeijua Buyenzi: ni kartie ya Waswahili wa Bujumbura, barabara zake zina namba badala ya majina, na haupiti avenyu mbili bila kuona gari limeinuliwa juu ya mawe na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Kwa hiyo naandika kama mama na mwenye duka. Ninalotaka kusema ni hili: kijana aliyefaulu mtihani wa Leta, yaani wa serikali, akiwa ametoka nyumba isiyo na akiba, aanzie kwenye ufundi wa mwaka mmoja au miwili, apate kitu cha kushika mkononi, ndipo apande chuo kikuu kwa pesa yake. Na serikali imkopeshe huku chini kama inavyomkopesha kule juu.

Shemeji simlaumu. Yeye aliiona diploma ikiwa bado na nguvu. Chuo chetu kilianza 1964, miaka miwili baada ya uhuru, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, na kwa miaka mingi aliyetoka pale alikuwa anasubiriwa: ofisi inamsubiri, nyumba inamsubiri, na wazazi wa mabinti wanamsubiri pia. Akisema Mutanga anaona bado kijana wa suti akishuka ule mlima na mkoba, na mtaa mzima ukimpisha. Isitoshe, serikali ilimlipa huyo kijana buruse kila mwezi na haikumdai hata senti.

Hilo la buruse liliisha 2017. Serikali iliigeuza kuwa mkopo-buruse: unapokea ukiwa mwanafunzi, unasaini kwamba utarudisha ukishapata kazi. Wanafunzi waligoma, mji ukazungumza wiki kadhaa, kisha tukazoea, maana sisi watu wa Buja tunazoea kila kitu.

Pesa iliyotajwa wakati ule ilikuwa kama faranga 30,000 kwa mwezi. Mimi hesabu zangu nazifanya kwa filta. Mwaka 2017, elfu thelathini zilikununulia hapa dukani filta tatu za oili za Corolla, na chenji ya soda. Dola benki ilikuwa kama 1,700. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ikaishusha faranga kwa mkupuo, dola ikaruka kutoka karibu 2,000 hadi karibu 2,800, na bei ya mtaani ilikuwa imeshatangulia mbali. Leo kwa elfu thelathini nakupa filta moja, na kama ni ile nzuri utaniongezea. Tuseme kijana alipokea miezi kumi kila mwaka kwa miaka mitatu: laki tisa. Kwa aliyesaini zamani, deni hilo limekonda lenyewe, anarudisha pesa nyembamba kuliko aliyopokea. Ndiyo maana nikiwasikia watu wanatishana kuhusu mkopo wa chuo nasema wameshika deni dogo wakaliacha kubwa.

Deni kubwa ni miaka. Sheria ya 2011 ilituletea mfumo wa ngazi tatu, na ngazi ya kwanza kwenye karatasi ni miaka mitatu. Mpwa wangu aliingia chuo kimoja ambacho jina lake nalimeza, akakaa miaka mitano na nusu. Hakurudia darasa hata mara moja. Mwalimu hakuja, mtihani ukasogezwa, mgomo, mwaka mmoja ukaanza wakati mwingine haujaisha. Na 2015 chuo kikuu cha serikali kilifungwa mwishoni mwa Aprili, tukawaona watoto wa watu wametandika maturubai karibu na ubalozi wa Marekani kwa kukosa pa kwenda. Kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hajawahi kulipwa hata siku moja anadaiwa kuliko mwenye laki tisa. Anadaiwa na mama aliyemlisha, na wadogo zake waliosubiri zamu yao. Tena hakuna ofisi ya kwenda kuomba apunguziwe.

Mpwa huyo, kwa taarifa yenu, alipopata diploma alizunguka na bahasha miezi kumi na minne. Ilipofunguka njia ya Serbia, Warundi wakawa wanaingia bila viza, akauza kiwanja alichorithi Gatumba (tulilia, lakini maji ya ziwa yameshakipanda, kwa hiyo pengine aliuza kwa wakati) akapanda ndege. Oktoba 2022 Serbia ikaufunga mlango huo. Yeye alikuwa ameshapita. Sasa yuko Ubelgiji, anapanga maboksi kwenye ghala usiku. Diploma yake iko kwangu, ndani ya sanduku la mabelti ya feni, kwa sababu pale ndipo pakavu.

Lakini msije mkadhani nasema ufundi basi, shule haina maana. Wiki tatu zilizopita Probox moja ilisukumwa na vijana wanne hadi mbele ya duka langu. Ni ya dereva wa teksi, alikuwa amenunua petroli ya chupa, maana mji huu umetufundisha kulala kwenye foleni ya kituo na kuamka bila mafuta. Mzee wa gereji ya jirani, fundi ninayemuuzia vifaa tangu nifungue duka, akainamisha sikio kwenye injini, mkono mmoja juu ili watu wanyamaze. Akasema plagi. Tukabadilisha plagi nne, nami nikafurahi. Gari likawaka, likakohoa, likazima. Akasema koili. Hapo dereva akaanza kunitazama mimi.

Mtu akaenda kumwita binti mmoja wa avenyu ya nyuma. Ana miaka ishirini na miwili, ana A2, diploma ya sekondari ya ufundi, na anavaa ovaroli juu ya hijabu yake bila wasiwasi. Alikuja na kidude cha ukubwa wa kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akafungua simu. Simu ikaandika P0171.

"Hiyo nini," mzee akauliza, "namba ya nyumba?"

Binti akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, gari linasema linavuta hewa nyingi mno na petroli kidogo mno. Plagi hazina kosa. Petroli ndiyo haifiki."

Wakainua kiti cha nyuma, wakatoa pampu kwenye tangi. Kichujio chake kilikuwa kimevaa tope la kutu, na binti alipokikamua yakatoka maji. Maji kabisa, ukiyaweka kwenye gilasi unaona mstari yanapoachana na petroli. Mzee akakaa juu ya tairi. Akamwambia, "Binti yangu, nisomee tena ile namba," akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja.

Nilisimama mlangoni na plagi nne ambazo dereva alikuwa anataka kunirudishia, nikiwaza. Mzee anaijua injini kama anavyowajua watoto wake, lakini gari limejifunza lugha ambayo yeye hakufundishwa. Mpwa wangu wa Ubelgiji angeweza kueleza kwenye ubao hewa na petroli zinavyochomana, ila boneti hakuwahi kuifungua. Binti alilipwa saa ile ile, dereva akamlipa na mzee akamwongezea. Jioni akaniambia anaweka akiba ya minervali, ada ya masomo: mwakani anataka kuanza chuo, masomo ya jioni, uhandisi. Atasoma na kazi inaendelea. Akifika kwenye somo la mchanganyiko wa hewa na mafuta, atakuwa ameshawahi kuukamua kwa mkono.

Nchi hii ina shule za namna hiyo. Ipo ETS ya Kamenge, ipo ile ya Alessandro Rossi kule Ngozi, na vituo vidogo vya ufundi vya umma na vya makanisa. Watu waliotoka huko wameushikilia mji huu bila kelele. Tunaambiwa nchi itakuwa imeinuka ifikapo 2040. Haya. Tuna mitambo ya jua ya Mubuga, Gitega, tangu 2021. Tuna umeme wa maporomoko ya Rusumo tunaogawana na Rwanda na Tanzania. Tuna mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Mulembwe kule kusini. Na reli inakuja kutoka Uvinza hadi Musongati. Nani atafunga nyaya, nani atapaka grisi, nani atasoma geji usiku wa manane? Lakini wenye A2 tunawahesabu kama waliofeli wakakosa pa kwenda. Shemeji mwenyewe aliuliza kwenye kikao, "Fundi friji ataposa kwa nani?" Nikamjibu, "Shemeji, kwa yeyote mwenye friji." Hakucheka.

Nina ndugu Marekani, mtoto wa shangazi, aliyezaliwa kambini Tanzania. Familia yao ni ya wale Warundi waliokimbia 1972 ambao Marekani ilianza kuwapokea 2007. Alipomaliza sekondari kule, mshauri wa shule alimwekea mezani karatasi mbili. Ya kwanza ni chuo kikuu cha mbali, na mkopo mrefu. Ya pili ni chuo cha jamii cha mjini kwao: miaka miwili, unalala nyumbani kwa mama, unapika ugali wako, na ukimaliza vizuri masomo yale yanahesabiwa, unaingia chuo kikuu mwaka wa tatu. Vyuo hivyo si vipya, cha kwanza kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Aliifuata karatasi ya pili. Ada ikalipwa na msaada wa serikali ambao haurudishwi, jioni akawa anasafisha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na baada ya miaka miwili akahamia chuo kikuu, uuguzi. Ana deni, lakini ni dogo kama la friji. Na anaishi katika nchi ambayo watu zaidi ya milioni 40 wanadaiwa mikopo ya masomo, jumla yake imepita dola trilioni 1.6.

Nilipomsifia hivyo kwenye simu, yeye mwenyewe alinituliza. "Dada, usiwadanganye watu. Darasa langu tulianza wengi, tuliovuka hatukujaza meza moja." Nikatafuta, nikakuta ni kweli: kati ya wanaoanzia vyuo vile, wanaoipata digrii ndani ya miaka sita ni chini ya mmoja kati ya watano. Wengine maisha yanawashika, kazi ya leo inashinda darasa la kesho. Wengine wanafika chuo kikuu wanaambiwa masomo yao nusu hayahesabiki. Ngazi ipo, ila baadhi ya vidato vimeoza. Hilo nimelibeba, na mwishoni mtaona nimelifanyia nini.

Sasa la mkopo. Tanzania bodi yao ya mikopo ilianza kazi 2005, na kwa miaka mingi ilikuwa hasa ya wanafunzi wa digrii. Mwaka wa masomo 2023/24 ikaanza kuwakopesha na wa stashahada, kwenye afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Kenya, bodi yao inawakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Uganda wa diploma wanakopeshwa pia. Sisi tuko jumuiya moja na hawa tangu 2007, tumepokea na Kiingereza madarasani. Hili la kumkopesha mchomeleaji tumeliacha mpakani Kobero. Mimi tangu 2017 nimewaona watoto wa mteja wangu mmoja baada ya mwingine wakipata mkopo-buruse wa sosholojia. Sijamwona hata mmoja aliyekopeshwa anunue mashine ya kuchomea na kulipia mwaka wa kujifunza kuitumia. Ipo benki ya vijana, iliyoanzishwa 2020, lakini hiyo ni ya kuanzisha mradi, na mradi unamtaka mtu ambaye tayari anajua kazi. Tena fundi ndiye mkopaji mwenye hatari ndogo: baada ya miezi kumi na minane anapokea pesa kila Jumamosi. Ukitaka kumdai unajua gereji yake ilipo. Nije nimdai mpwa wangu ghalani Ubelgiji?

Kuna wanaosema, na wana haki: nafasi ya serikali ya mwaka huu si ya mwaka kesho. Ukiiacha, wapo kumi nyuma yako. Na ukitaka kusoma baadaye utaangukia vyuo vya binafsi, ambavyo vingine ni chuo kwa kibao cha mlangoni tu. Hilo limenichoma mimi. Binti yangu wa kwanza alilipa minervali ya mwaka mzima kwenye chuo kimoja hapa mjini, idara ina jina refu la Kifaransa, kumbe idara yenyewe haikuwa na kibali. Pesa haikurudi. Ilikuwa pesa ya injini mbili nzima za Carina. Tangu hapo, kwa yeyote anayeniuliza, namwambia aanze kwenye Tume ya Taifa ya Elimu ya Juu aulize, ndipo apeleke pesa, na asikubali kuonyeshwa fotokopi.

Ila hapo kwenye "baadaye" nina ushahidi wangu mwenyewe. Niliingia Mutanga 1992, uchumi. Nilikuwa na kitanda, nilikuwa na buruse, nilikuwa na viatu vya kisigino vya kupandia ule mlima kwa maringo. Oktoba 1993 ikafika, Rais Ndadaye akauawa, na yaliyofuata katika mitaa yetu sina haja ya kuwasimulia Warundi. Sikurudi. Nikaolewa, nikazaa, nikajifunza kutofautisha beringi halisi na ya bandia kwa kuizungusha karibu na sikio. Mwaka 2008, na watoto wanne, nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa natoka hapa saa kumi na moja, mikono inanuka grisi hata niioshe kwa sukari na sabuni. Darasani nilikuwa mama wa wote. Mwalimu alipoeleza gharama zisizobadilika na zinazobadilika, vijana waliandika. Mimi nilikuwa naliona duka langu, kodi ya mwezi upande huu na mzigo wa Dubai upande ule. Ilinichukua miaka minne. Minervali nililipa kutoka kwenye droo hii hii, na siku ya kupokea diploma nilifunga duka kwa saa tatu tu.

Niliyakumbuka hayo yote nikamwekea mwanangu mbele, nikiamini nimemaliza. Akanisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mama, mimi likizo yote nimekaa na yule fundi friji wa avenyu ya kumi na tatu. Anajua gesi ikitanuka inapoza. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia nishike spana." Akanyamaza kidogo. "Mimi nataka ile kwa nini."

Sikuwa na jibu la haraka. Ni jambo zuri kumsikia mwanao akilisema, na ni jambo la gharama. Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Tulipofika ni hapa. Kijana ataanza kituo cha ufundi, baridi na umeme wa jua, miezi kumi na minane. Lakini amekataa neno langu tupu la kwamba Mutanga haihami. Amesema kama mkopo-buruse wanausaini, na mimi nisaini. Kwa hiyo ameandika mkataba, kwa mkono, nakala mbili, na sijawahi kuona kijana mwenye hati mbaya akiandika vizuri hivyo. Mimi, mama yake, nadaiwa minervali ya miaka mitatu ya fizikia au uhandisi, nianze kulipa mwezi atakaoandikishwa, jioni au mchana atakavyochagua yeye, chuo chenye kibali. Yeye anadaiwa nusu ya anachopata kwenye friji hadi siku hiyo, kiwekwe kwenye akaunti ambayo hatuigusi hata duka likiungua. Kipengele cha mwisho kinasema asipoandikishwa ndani ya miaka mitatu kwa sababu ya uvivu wake, hela ni yangu. Kwa sababu yangu, duka ni lake. Hicho nilikibishia sana. Kimebaki.

Shahidi ni shemeji. Alisaini kwa ile sahihi ndefu ya watu wa ofisi za zamani, akaweka na tarehe kwa Kifaransa, akarudisha kalamu mfukoni. Nakala yangu iko chini ya kikokotoo, juu ya karatasi ya Mutanga.